Kunyanyua nyuma ya pikapu: bloku, jani la kuongeza au springi mpya?

Ukiingia gereji yoyote ya Unga Limited hapa Arusha ukasema unataka nyuma ya pikapu inyanyuke, fundi atakuuliza swali moja: "Inchi ngapi, bosi?" Mjibu kwa kumweleza unabeba nini na unapita wapi. Inchi zitajulikana baadaye, na mara nyingi zitakuwa chache kuliko ulizokuja nazo kichwani.

Nazungumzia pikapu zenye springi za majani nyuma, yaani mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, kama Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger na Land Cruiser pikapu. Baadhi ya Navara mpya za milango minne zina koili nyuma, na hizo zina mambo yake. Kwa springi za majani, njia zinazoshindana kweli ni tatu: kuweka bloku kati ya springi na ekseli, kuongeza jani kwenye springi uliyonayo, au kununua seti nzima mpya. Kuna nyingine tatu ambazo mafundi watakutajia. Nazo nitazigusa, ila sitakaa nazo sana.

Kabla ya yote, pima. Simamisha gari tupu mahali tambarare, lisukume bodi juu na chini mara mbili tatu ili springi zitulie, halafu pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Fanya hivyo kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa chini sana kuliko mwingine, ingia chini na tochi uangalie jani lililovunjika. Hupenda kukatika katikati, penye tundu la senta bolti inayoshika majani pamoja, na hapo huoni kwa urahisi kwa sababu pamefunikwa na bamba la yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Pande zote mbili zikiwa zimeshuka na majani yamenyooka karibu kama rula, springi zimelala. Kuweka bloku juu ya springi zilizolala ni kumvalisha mgonjwa viatu vya kisigino. Ataonekana mrefu, lakini ukimpa gunia la kubeba atakwenda chini vilevile.

Jambo la pili ambalo wengi hulijua wakishalipa: kunyanyua springi hakunyanyui difu, lile tumba la gia lililo katikati ya ekseli. Ekseli imekaa kwenye magurudumu, na urefu wake kutoka ardhini unaamuliwa na tairi peke yake. Kinachopanda ni chasisi, bodi, bampa ya nyuma na tenki la mafuta. Kwa hiyo kama shida yako ni njia ya Mang'ola wakati wa vitunguu, ambako malori yamechimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati, difu itaendelea kukwaruza tuta lile hata ukiweka inchi nne. Dawa ya hapo ni tairi ndefu kidogo. Kama shida ni bampa kugonga ukipanda kutoka kwenye korongo, au bodi kushuka hadi tairi inagusa madigadi ukipakia, hapo ndipo kunyanyua kunasaidia.

Bloku

Hii ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Kipande cha chuma kinawekwa kati ya ekseli na springi, yubolti ndefu zinafungwa, na kufikia mchana gari limepanda. Springi haijaguswa, kwa hiyo gari likiwa tupu linatembea kwa ulaini uleule wa zamani. Hiyo ni faida ya kweli, na kwa mtu asiyebeba mizigo mizito bloku ya inchi moja hadi moja na nusu haina ubaya wowote ikifungwa sawasawa.

Sharti la kwanza ni springi iwe imekaa juu ya ekseli. Magari ambayo springi imepita chini ya ekseli hayanyanyuki kwa bloku, yanashuka. Chungulia kwanza, usikariri jina la gari.

Tatizo la bloku linaanza pale ekseli inapotaka kujizungusha. Ukikanyaga mafuta kuondoka mlimani, injini inasukuma magurudumu mbele na ekseli inajibu kwa kutaka kuzunguka upande wa pili. Springi ndizo zinazoizuia. Ukiweka bloku umeiongezea ekseli mkono wa kusukumia, na kadiri bloku inavyokuwa ndefu ndivyo mkono unavyopata nguvu. Pandisha mifuko 20 ya saruji, ambayo ni tani moja kamili, kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, simama katikati ya mlima, kisha uondoke. Utasikia nyuma inatetemeka na kugonga, tu-tu-tu, kabla gari halijashika mwendo. Hapo springi inajipinda umbo la S, na kila mpigo unazilegeza yubolti kidogo. Yubolti zikilegea vya kutosha, bloku inaweza kuchomoka. Ekseli upande huo itarudi nyuma, na gari litageuka bila wewe kugusa usukani.

Kwa hiyo chagua bloku kwa macho makali. Inatakiwa iwe kipande kimoja cha chuma au aluminiamu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, yenye tundu juu na pini chini. Kichwa cha senta bolti ya springi kinaingia kwenye tundu la bloku, na pini ya bloku inaingia kwenye tundu la kiti cha ekseli, au kinyume chake kulingana na mpangilio wa gari. Hicho ndicho kinachozuia ekseli isiteleze. Nimeona bloku zilizochomelewa kwa skwea paipu, ndani tupu. Zile zinabonyea. Mbao nisizitaje, ingawa zipo barabarani. Kupanga bloku mbili moja juu ya nyingine ni marufuku kabisa, na bloku kwenye ekseli ya mbele vilevile, kwa sababu mbele kuna nguvu za breki na usukani ambazo bloku haikutengenezewa.

Yubolti nunua mpya. Zilizokwisha kukazwa zimeshavutika, na ukizikaza tena hazishiki kama mwanzo. Zile za kupinda nondo na kuchonga nyuzi kwenye karakana ya jirani ziache kwenye tela la ng'ombe.

Jani la kuongeza

Hapa springi inafunguliwa, jani moja jipya linaingizwa kwenye fungu, na linafungwa tena kwa senta bolti mpya. Unapata kama inchi moja hadi mbili na springi inakuwa ngumu zaidi. Ekseli haijaongezewa mkono wowote, yubolti zinabaki na urefu wa karibu uleule, na hakuna kipande cha kuchomoka. Kwa pikapu ya kazi yenye springi ambazo bado ni nzima ila zimechoka kidogo, mimi ningeanzia hapa.

Lakini majani hayafanani. Kuna jani fupi nene linalowekwa chini ya fungu, na kuna jani refu jembamba linalokaa karibu na jani kuu na kufuata mkunjo wake. Fupi ni rahisi na ndilo utakalopewa usipouliza. Ubaya wake ni kwamba linafanya katikati ya springi kuwa gumu kama reli, halafu pale linapoishia majani ya juu yanapinda ghafla sehemu moja. Baada ya muda ni hapo yanapokatikia, hasa kwenye barabara yenye rasta. Jani refu linagawa kazi kwenye urefu wote wa springi. Lidai hilo, na liwe na upana uleule wa majani yako.

Gari tupu litaruka kuliko zamani, hilo ulikubali mapema. Mke au mzazi wako atalalamika mkipita kwenye rasta, na atakuwa na haki.

Onyo la wanaofanya kazi hii wenyewe: fungu la springi limebanwa kwa nguvu. Ukifungua senta bolti bila kulibana kwanza kwa jiklampu mbili, moja kila upande wa bolti, majani yanaruka, na ni chuma chenye kilo nyingi karibu na uso wako. Bana, fungua bolti, kisha legeza jiklampu taratibu kwa zamu. Kurudisha ni kinyume chake.

Seti mpya

Ni ghali kuliko zote na ndiyo bora kuliko zote kwa gari linaloingiza pesa. Unapata springi zenye mkunjo mpya, bushi mpya na yubolti mpya. Ukinunua pamoja na shokapu, unazipata zenye urefu unaolingana na springi. Gereji za magari ya watalii hapa Arusha zimezoea bidhaa za Australia kama Old Man Emu ya ARB, Ironman 4x4 na Dobinsons, kwa sababu magari yao yanashinda kwenye rasta za Serengeti na Natron yakiwa na uzito uleule kila siku.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo. Springi hizi huuzwa kwa daraja la mzigo: gari tupu au mzigo mdogo, mzigo wa wastani wa kudumu, mzigo mzito wa kudumu. Mtu ananunua daraja la juu kwa sababu "bora iwe imara", halafu gari lake linashinda tupu mjini. Nyuma inakaa juu, tairi inadunda kwenye lami iliyolowa ya Njiro, na breki za nyuma zinashika vibaya kwa sababu tairi haijakaa ardhini. Muuzaji akikuuliza unabeba kilo ngapi kila siku, mjibu ukweli. Mzigo wa mara moja kwa mwezi usiuhesabu.

Na hakuna hata njia moja kati ya hizi tatu inayokuongezea uzito unaoruhusiwa kubeba. Uzito huo umepangwa na kiwanda kwa kuangalia chasisi, ekseli, beringi, breki na tairi. Springi ngumu itakuficha tu usione kwamba umezidisha.

Nyingine, kwa haraka

Kurefusha sheko, kile kiungo kinachoshika ncha ya nyuma ya springi, ni bei poa lakini unapata nusu tu: sheko iliyoongezeka inchi mbili inanyanyua gari kama inchi moja, kwa kuwa imeinua chasisi kwenye ncha moja tu ya springi. Inageuza pua ya difu kuelekea juu na kulifanya gari liyumbe kwa pembeni. Mimi siipendi. Kukunja springi upya kunakubalika kama fundi anapiga kwa nyundo au mashine bila moto, na ujue zitalala tena kabla hujasahau bei. Fundi anayezipasha moto hadi ziwe nyekundu anaua ugumu wa chuma, usimpe. Mifuko ya hewa ni kwa ajili ya kusawazisha gari wakati wa mzigo au tela. Ukiijaza ili kunyanyua gari, uzito wote unasukuma chasisi sehemu moja ambayo haikupangwa kubeba hivyo. Zipo pikapu za milango miwili na minne ambazo chasisi imepinda nyuma ya kebini kwa njia hiyo.

Nani achague nini

Mkulima wa Uru au Marangu anayeshuka tambarare kuchukua mabua na majani ya ng'ombe na kupanda nayo: mzigo wake ni mkubwa kwa macho lakini si mzito sana, ila uko juu. Jani refu moja linamtosha. Asiweke bloku, kwa sababu tayari mzigo umepeleka uzito wa gari juu na barabara zenyewe ni kona na mteremko.

Anayebeba tenki la maji la lita 1,000 asinyanyue kitu zaidi ya kurudisha gari kwenye kimo chake cha kiwandani. Maji yakijaa ni tani moja, yakiwa nusu yanacheza, na kila inchi unayoongeza inaleta karibu siku ya kupinduka. Mwaka 2016 jarida la magari la Uswidi, Teknikens Värld, lilifanyia Hilux mpya jaribio la kukwepa kitu ghafla, na magurudumu ya upande mmoja yakaacha lami. Gari lile lilikuwa la kiwandani, halijanyanyuliwa hata nusu inchi.

Wa vitunguu na mahindi, safari za kila wiki, mzigo karibu na kikomo: seti mpya ya mzigo wa kudumu, na shokapu zake. Akikosa pesa sasa, jani refu kwanza, seti baadaye. Na mwenye pikapu ya kutembelea, anayetaka nyuma ilingane na mbele aliyoinyanyua, huyo ndiye wa bloku ya inchi moja. Asizidi mbili.

Kazi yenyewe

Hapa ndipo watu wanapoumia, bila kujali walichagua njia gani.

Hendibreki ya pikapu inashika magurudumu ya nyuma. Gia nayo, gari likiwa kwenye tu-wili, inashika magurudumu ya nyuma kupitia propela, ile shafti ndefu inayokwenda kwenye difu. Ukishanyanyua nyuma, vyote viwili havishiki chochote, na gari linaweza kuviringika kwenye mteremko usioonekana kwa macho. Wekea vizuizi magurudumu ya mbele, mbele na nyuma yake, kulia na kushoto. Kama gari lina fo-wili, iingize, funga na loki za magurudumu ya mbele na uweke gia. Hata hivyo vizuizi vibaki palepale.

Nyanyua kwa jeki chini ya difu, halafu weka stendi za chuma chini ya chasisi, mbele kidogo ya ncha ya mbele ya springi, na ushushe gari likae kwenye stendi. Tikisa bodi kwa nguvu kabla hujaingia chini. Tofali la saruji halitumiki, linapasuka ghafla bila onyo. Rimu iliyolazwa inateleza, na gogo la mgrevilea linagawanyika. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja. Kama fundi hana stendi, hamia gereji nyingine.

Fanya upande mmoja kwa wakati mmoja, na yubolti za upande wa pili ziache zimekazwa, la sivyo ekseli inageuka na utapoteza nusu siku kuirudisha. Toa bolti ya chini ya shokapu, fungua yubolti, kisha shusha ekseli kwa jeki polepole huku macho yako yakiwa kwenye hosi ya breki, bomba la kupumulia difu, kebo ya hendibreki na waya wa ABS. Kimojawapo kikianza kunyooka, simama. Hosi fupi haibembelezwi, inabadilishwa. Shokapu pia: ekseli ikining'inia chini kabisa, shokapu isiwe ndiyo inayoizuia, maana shokapu inayofika mwisho kila korongo itang'oka.

Kabla ya kukaza, pitisha kidole kuhakikisha kichwa cha senta bolti kimezama kwenye tundu lake. Yubolti kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, nyuzi zibaki sawa pande zote nne, na mwisho tumia spana ya kupimia nguvu kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Bolti za bushi za springi na sheko zikaze mwisho kabisa, gari likiwa limeshasimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira wa bushi unafungwa ukiwa umejipinda na utachanika mapema. Hatua hii mafundi wengi huiruka kwa sababu kukaza gari likiwa juu ni rahisi zaidi.

Chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Safari moja ya Arusha–Moshi na kurudi, kama kilomita 160, kisha chungulia. Mstari ukiwa umekatika, nati imezunguka. Kaza tena hata kama haujakatika, na rudia ukifika kilomita 500.

Angalia pia valvu ya breki inayosoma mzigo, hasa kwenye Hilux za zamani. Ni fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi. Chasisi ikipanda, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma, hata ukiwa na tani moja ukishuka kutoka Marangu. Kishikio cha fimbo kinatakiwa kisogezwe kwa kiasi ambacho gari limepanda. Muulize fundi kabla hajaanza. Akikuuliza "valvu gani?", umeshapata jibu.

Propela ikitetemeka wakati wa kuondoka, pembe ya difu imebadilika na krosi, viungo vya propela, zinateseka. Kwenye bloku dawa ni bloku zenye mteremko kidogo, kwenye springi ni vipande vya pembe chini ya springi. Pikapu ndefu zenye propela ya vipande viwili mara nyingi zinahitaji senta beringi, ile inayoshika propela katikati, ishushwe kidogo.

Taa za mbele zitakuwa zinaangalia chini zaidi gari likiwa tupu, zipangwe upya ukiwa na mzigo uliozoea kubeba ili usiwapofushe wanaokuja. Usukani nao unaweza kuwa mwepesi na kurudi katikati kwa uvivu, kwa hiyo pitia kwa mtu wa alaimenti. Na kampuni ya bima iambie kwa maandishi kilichobadilishwa, siku ileile gari linapotoka gereji.